Panya wa Kumi wa Phyllis Wacera

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu wa Mlima Kenya ungali juu ya mabati ya mtaa wa Ruring'u, Nyeri, na Phyllis Wacera anafungua kizimba cha kwanza. Anainua pamba kwa ncha ya penseli. Chini yake vichanga wa panya, wekundu, wasio na manyoya, wanajinyonganyonga.

Lazima awahi. Kichanga akifa, mama yake humla, na ushahidi huishia hapo.

Wacera, mwenye umri wa miaka 39, hutunza panya katika maabara inayochunguza jeni moja tu. Mtafiti wa maabara hiyo, Dkt. Simeon Gicheru, anaamini jeni hiyo ndiyo inayoamuru figo zianze kuumbika tumboni. Panya aliyeikosa kwa baba na kwa mama huzaliwa bila figo, wala hamalizi siku. Kati ya kila vichanga wanne, daktari hutarajia mmoja wa namna hiyo.

Mwaka jana, 1996, hesabu ilikataa. Kwa miezi mitatu, chupa za kuhifadhia vichanga waliokufa zilikuwa nyingi kuliko vifo vilivyo katika daftari analojaza Wacera. Gicheru alikaribia kuifuta kazi yote, na pamoja nayo mshahara wa shilingi 3,800 unaosomesha watoto wanne wa Wacera.

Wacera akaenda kwa Gicheru kwa hiari yake. "Daktari, wakiwa kumi mimi naandika tisa," akasema. "Kwetu watoto hawahesabiwi kufika kumi, ni mkosi. Badala ya kumi tunasema tisa imejaa."

Aliyeachwa nje ya daftari, kila mara, ni yule asiyetikisika.

Mila ni mila, lakini hii ilificha kidonda. Mwaka 1979, huko Kerugoya, Wacera alijifungua mtoto wake wa kwanza, binti aliyeishi kwa muda wa saa kumi na moja bila kukojoa hata tone. Mama mkwe akasema ni makosa ya Wacera, kwa kuwa alihesabu nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Neno kama hilo halisahauliki.

Gicheru, mzaliwa wa Nyeri, aliijua mila hiyo na hakufoka. Wacera alipomsimulia kisa cha binti huyo, alimweleza kuwa mtu si panya, na kwamba yeye hawezi kuapa kwamba ugonjwa ulikuwa uleule. Ila kuhesabu nguo, alisema, hakujawahi kumnyima mtoto figo. Wakakaa siku nne wakilisahihisha daftari kwa kufuata chupa, na hesabu ikakubali.

"Nilienda nyumbani nikalia," anasema Wacera. "Miaka kumi na saba nilikuwa najiita muuaji, ati kwa sababu ya nguo."

Leo anahesabu kwa sauti. Mmoja hatikisiki. Anaandika kumi, na pembeni: mmoja amekufa.

Krismasi hii atakwenda Kerugoya. Mama mkwe amezeeka, haoni vizuri, na Wacera hana haja ya kugombana naye.

"Nitakaa karibu na yeye, nimhesabie watoto wangu," anasema, akifunika pamba polepole. "Wako watano. Wa kwanza anaitwa Ngendo, kama yeye."