Kingamwili Iliyopenda Maziwa

Nilipokuwa fundi wa maabara, miaka ya tisini, sehemu ngumu kuliko zote ya kazi yangu ilikuwa kumweleza mama ninafanya nini. Tulikaa mtaa wa Ziwani, mimi na yeye, tangu siku za marehemu baba aliyekuwa karani wa reli. Jumapili akina mama wa kanisani walikuja kunywa chai, na mama hakukosa kuniita sebuleni niwaeleze shughuli zangu za mjini. Nikawaambia kuna protini ndani ya seli, na seli ikikaribia kugawanyika, protini ile hugongwa muhuri mdogo wa fosfeti. Sisi tunayo kingamwili inayoshika protini yenye muhuri tu, isiyo na muhuri inaipita bila hata kuisalimu. Mama mmoja akauliza kama inatibu magoti.

"Haitibu kitu, mama," nikasema.

"Sasa mmeinunua ya nini?"

Hasira zikanipanda, nikaenda kuosha vikombe ambavyo watu hawajamaliza kunywa.

Kingamwili yenyewe ilitoka ng'ambo kwa ndege, ndani ya sanduku la barafu, katika kichupa cha ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Majimaji yaliyokuwemo yasingeweza kumlowesha nzi. Daktari, mama wa makamo aliyekuwa mkuu wetu, alikinyanyua juu kwenye mwanga na kutuamuru tusipumue karibu. Alisema kinatosha majaribio matatu, basi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule, naye akaniambia bila kuzunguka: nikimpa picha safi ya protini ile, ananiandikia barua ya kazi ya kudumu. Nikishindwa, tunaagana vizuri. Nyumbani mshahara ulikuwa wangu peke yake, kwa hiyo niliogopa, tena sana.

Utaratibu ulikuwa umebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Daktari mwenyewe. Unahamisha protini za seli kwenye utando mweupe kama karatasi. Halafu unauloweka utando kwenye maziwa ya unga yaliyokorogwa, ili yafunike nafasi zote tupu na kingamwili isipate pa kunata ovyo. Baadaye unatia kingamwili, unasuuza, unaweka filamu ya eksirei juu, na pale protini ilipo unapata mstari mweusi.

Mara ya kwanza sikupata mstari. Nilipata filamu nyeusi tititi kutoka pembe hadi pembe. Mwenzangu aliyeosha vyombo vya kioo, mzaliwa wa Mathare na mtu wa maneno mengi, aliishika akaigeuza huku na huku.

"Maze, hii si picha. Hii ni stima imepotea usiku."

Daktari aliitazama akasema, "Maziwa kidogo. Ongeza."

Nikaongeza mara mbili. Uji ule ulikuwa mzito hata kijiko kingesimama. Filamu ikatoka nyeusi zaidi, kama ipo rangi inayoipita nyeusi. Mama aliposikia, alilaumu unga. Alisema maziwa ya pakiti hayana nguvu, na yeye anamjua mwanamke mwenye ng'ombe kule mtaa wa Baba Dogo. Kesho yake nilimkuta mlangoni na chupa ya plastiki iliyojaa maziwa ya asubuhi, akitaka niende nayo kazini. Tuliyanywa kwenye chai, mimi nikiwa nimenuna.

Kichupa kilibaki na tone la jaribio moja. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nikasoma karatasi ya maelekezo iliyokuja nacho. Msinicheke. Daktari alikuwa ameshatueleza, na kwa malezi yetu, kusoma karatasi baada ya mkubwa kueleza ni sawa na kuonja mboga baada ya mama kusema chumvi imekolea. Karatasi ilisema usitumie maziwa. Protini ya maziwa yenyewe imejaa fosfeti, mihuri tele, na kingamwili yetu ilikuwa inaishikilia kila mahali. Tumia protini ya damu ya ng'ombe badala yake. Unga wake ulikuwepo kwenye friji yetu, haujafunguliwa.

Jioni nikamuuliza mama mtu anamwambiaje mkubwa wake kwamba amekosea.

"Hamwambii," mama akasema. Yeye alikuwa amepikia ofisi ya kaunsili ya jiji miaka mingi. "Unafanya yako kimyakimya, sifa unampa yeye. Mimi mkubwa wangu aliamini mpaka anastaafu kwamba mchele ule unaiva bila kufunikwa."

Basi nikapanga ujinga wangu. Juu ya meza, kwenye mashine ya kutikisa, niliweka bakuli la maziwa lisilo na utando wowote. Utando wa kweli niliuloweka katika ile protini ya damu, kwenye kibakuli chenye kifuniko, nikakipakata mapajani chini ya koti langu jeupe. Ulitakiwa kutikiswa kwa saa nzima. Nikawa nautikisa kwa magoti.

Daktari akaingia, akavuta kiti, akakaa. Siku zote huwa na haraka, lakini siku hiyo alikuja kunipa moyo. Akanisimulia wasiwasi wake wa masomoni, nami namwitikia huku magoti yakienda kama cherehani. Akayatazama maziwa yakicheza kwenye mashine, akaridhika. Akanitazama mimi.

"Mwanangu, kama unataka kwenda choo, si uende tu?"

Nikainuka nimejikunja, nimekumbatia tumbo, nikaenda. Nilijifungia humo nikitikisa kibakuli kwa mikono miwili mpaka saa ikaisha. Nilisikia mwenzangu akimwambia Daktari kwa sauti ya huzuni, "Ni ile samosa ya jana, Daktari. Ilikuwa noma."

Siku ya pili mchana nilitoa filamu. Nyeupe safi, na katikati mstari mmoja mwembamba, mweusi, ulionyooka. Nilipiga kelele hata nikajishtukia. Daktari aliibandika dirishani akaitazama muda mrefu, uso umemng'aa.

"Niliwaambia," akasema. "Maziwa."

Akaiendea karatasi ya ukutani na kalamu, akaongeza kipimo cha maziwa. Akaniambia kichupa kingine kiko njiani, na wanafunzi wawili wanakuja kujifunza kwa utaratibu huohuo. Halafu akafungua droo, akatoa barua ya kazi ikiwa tayari na sahihi yake, akaninyooshea.

Nilifanya kama mama alivyonifundisha. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafika mlangoni. Nikawafikiria wale wanafunzi wawili wakikoroga uji wao. Nikarudi nikaiweka barua mezani.

"Daktari, hayakuwa maziwa."

"Niliyaona kwa macho yangu."

"Hayakuwa na kitu ndani. Utando nilikuwa nao mimi. Chini ya koti."

Akafikiri. "Na ulipokwenda choo?"

"Nilikwenda nao."

Mwenzangu, aliyekuwa anasuuza chupa, alifunga mfereji ili asikie vizuri. Nilimweleza Daktari kila kitu, fosfeti na damu ya ng'ombe na hofu yangu, machozi yakinitoka bila ruhusa. Nilijua nimeikosa kazi.

Aling'oa karatasi yake ukutani, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Akaweka karatasi tupu mbele yangu, na kalamu.

"Unafikiri mimi ni mtu wa kufukuza watu kwa sababu wanajua kusoma?" akauliza. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameumia, na hilo ndilo sikulitarajia kabisa.

"Ndiyo, Daktari," nikasema, kwa kuwa sikuwa na uongo mwingine uliobaki.

Alikaa kwenye kiti kilekile cha jana. Akaisukuma barua ikaja upande wangu.

"Basi kosa hilo ni langu," akasema. "Andika utaratibu. Nisomee ukimaliza, nami nitakuambia kama nimeelewa."