Biskuti Zisizo na Sukari

Dada yangu alikuwa akila karanga kiganja kimoja saa nne asubuhi, basi. Siku nyingine yai la kuchemsha, siku nyingine tango na nusu parachichi. Muuguzi wa kliniki ya kisukari ndiye aliyemwandikia orodha ya vitafunio visivyopandisha sukari kwa kasi. Dada aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake la kazini, na hakuivunja hata siku moja.

Mimi ndiye niliyemwachisha.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha biskuti, yeye kwenye kufunga na kubandika lebo, mimi kwenye mashine ya kukanda unga. Chai ya saa nne ikija, trei ya biskuti zilizovunjika iliwekwa mezani, kila mtu akajichotea. Hayo ndiyo yalikuwa marupurupu yetu. Dada aliketi pembeni akimenya yai lake, nasi tukimtania, mimi nikiwa wa kwanza.

"Kasuku wetu leo ana karanga ngapi?"

Watu walivunjika mbavu. Yeye pia alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye trei.

Kisha tukaanza kutengeneza biskuti zisizo na sukari. Dada alishinda akizibandika lebo ya kijani, mpaka siku moja akanifuata kwenye mashine.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Humo hamna sukari?"

"Dada, mimi ndiye ninayemimina kila kitu humu. Hata punje haiingii. Kula, utoe hamu."

"Una hakika?"

"Kwani muuguzi anazijua biskuti kunishinda mimi?"

Nilijiona mtu siku ile. Kila saa nne nilimchagulia mwenyewe vipande vizuri, akavila sita, saba, bila hofu. Karanga zikaota ukungu kabatini. Kliniki akaacha kwenda. Alisema sasa anaishi kama watu wengine.

Miezi kumi baadaye kiatu kilimchubua kidole cha mguu. Kidonda kikagoma kupona, kikaanza kunuka. Hospitalini, daktari alisoma majibu ya damu, akamuuliza anakula nini kati ya mlo na mlo. Dada akamweleza habari ya lebo, tena kwa kujiamini. Daktari akashusha pumzi. Alisema unga mweupe ukishafika tumboni hugeuka sukari, na upesi sana.

Dada aligeuka akanitazama mimi, si daktari.

Sikumdanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sukari sikumimina kweli. Nilimimina unga, magunia kwa magunia, na sikuwahi kujiuliza.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Hakunigombeza; heri angenitukana nikajua moja. Kiwandani nafasi yake ilipata mtu mwingine kabla ya wiki kuisha.

Jumapili iliyopita nilimpelekea korosho zisizo na chumvi. Safari hii nilikwenda kwanza kliniki, nikamuuliza muuguzi aina na kiasi, nikaandika kwenye karatasi.

"Hizi zinakufaa, dada. Kiganja kimoja tu kwa siku."

"Ahsante, mdogo wangu."

Akauweka mfuko mezani, akautazama kidogo. Kisha akainua sauti kuelekea dirishani.

"Mama jirani! Hebu njoo mara moja uniangalizie. Hizi naweza kula?"