Kibwana wa Mashine ya Matetemeko

Kibwana alikuwa mpole mpaka anaudhi. Kila nilipopanda kwake, huko juu ya Mkuyuni, kuchukua data za mashine ya matetemeko, alinipokea kwa kunong'ona, utadhani ndani kuna mgonjwa.

Nilimwambia mara moja tu kwamba mashine haitaki vishindo. Basi mwenzangu akauza mbuzi, kinu akakihamishia ng'ambo ya kijito, akawa anatembea peku. Mashine tuliifukia nyuma ya nyumba yake. Inanasa mawimbi ya matetemeko, hata ya mbali, nasi tunayasoma tujue gamba la dunia lilivyokunjamana hapa zama zile mabara yalipogongana, na linavyoendelea kupinda sasa. Kibwana hayo hayakumhusu. Alichojua ni kwamba mashine ikibaki, naye atabaki.

Maana shamba halikuwa lake. Kwa Waluguru wa kule ardhi ni ya ukoo wa mama, na yeye alitoka Dakawa, akaoa, akapanda mikarafuu yote ile kwenye ardhi ya mkewe, Raya. Raya akafa bila mtoto. Arobaini ilipoisha tu, mjomba wa marehemu, Mzee Stambuli, akaja kumtaka aondoke.

"Mjomba, mimi ndiye mlinzi wa mashine," Kibwana akajitetea. "Muulize Dokta."

Nikapanda na Dokta Catherine, mkuu wa utafiti wetu. Kibwana alikuwa ametandika mkeka na kuvaa kanzu ya Idi, maskini ya Mungu. Mzee Stambuli akaitikia shikamoo, kisha akauliza, "Mama, huyu mnamhitaji?"

"Kusema kweli, mzee, mashine haihitaji mtu," Catherine akajibu. "Asipokuwepo mtu ndiyo inafanya kazi vizuri."

Kibwana akanitazama mimi. Nikajitia kukagua waya. Mzee Stambuli akamwambia afungashe, tena godoro aliache, ni la Raya. Mtu mzima akalia mbele ya mkwewe, na hakuna aliyemwambia pole.

Wiki iliyofuata nilipanda kuchukua data, na ofisini nikafungua za siku ile. Tulipokwisha kuondoka, vishindo vya miguu ya Kibwana vilikuwa vimezunguka nyumba, vikatulia, vikazunguka tena, halafu vikafifia kuelekea bondeni. Catherine akainama kwenye kompyuta.

"Hizo kelele zifute," akasema. "Zinatuharibia tetemeko."

Niliumia, sidanganyi. Nikazifuta.