Mkono wa Kushoto wa Muuza Kunafa

Muuza kunafa, kile kitamu cha jibini na shira, wa mtaa wa Yasmina, mjini Nablus, siku hizi hukata kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia huulaza mezani kama mgeni aliyesinzia, na kila mara huupapasa kuona kama bado upo. Kiharusi kilimkuta hapo hapo kwenye sinia. Mdomo ulipopinda tu, mkewe Nazmiya alimkimbiza hospitali. Madaktari wakampiga picha ya kichwa, wakaona damu imeganda ubongoni, wakaiwahi kwa dawa ya kuiyeyusha. Roho ilisalimika, maneno yakabaki nyuma. Tangu hapo, aulizwe lolote, hujibu, “Bado.” Amemeza dawa ya presha? “Bado,” na kidonge kiko ulimini.

Leo Abu Hilmi, mtani wake wa miaka mingi, aliinua kipande kilichokwenda upogo. “We mzee, hii kunafa au ramani?”

Nazmiya alitaka kumjibia, akajizuia. Mumewe alikunja uso, jasho likamtoka.

“Ku... kula,” akasema. “Tumboni... itanyooka.”

Abu Hilmi alicheka hadi akapaliwa. Nazmiya aligeukia jiko, akajifuta macho kwa ncha ya shela, akasingizia mvuke wa shira.