Ukuta Unaotazama Bahari

Watu wa Kiwalani hawana dogo. Hamisa alipewa jina la Mama Italia hata ndege hajaiona kwa karibu, ukiacha zile zinazopita juu ya bati lake kila siku zikishuka uwanjani. Ilitosha kumwona anatoka studio na picha za pasipoti mkononi. Kina mama wa genge la mboga wakamwambia asiwasahau na pizza, naye akawajibu kuwa ataileta, ila wataila imepoa.

Hakuwa mtu wa safari. Alikuwa mpishi. Kwa miaka kumi na minne aliipikia familia moja ya Waitaliano huko Masaki, akawalea na watoto wao, na bosi wake hakumwita madamu hata siku moja. Alimwita Mama Giulia, kwa jina la binti wa kwanza, kama tunavyoitana huku kwetu. Mwaka huo mama mzazi wa Mama Giulia, ajuza wa mji wa La Spezia, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Familia nzima ikaenda kumuuguza, na Hamisa wakamchukua kwa wiki sita, kwa sababu kikongwe yule alikuwa mkali, na kila alipokuja Masaki kutembea hakuna aliyemweza isipokuwa yeye.

Mumewe, Marijani, alikuwa fundi rangi, na si wa kubahatisha. Alikuwa mtu wa kusimama kwenye harusi ya watu, ngoma inalia, yeye anapitisha kiganja kwenye plasta ya mwenye shughuli na kutikisa kichwa. Alipaka nyumba kuanzia Kibamba hadi Mbagala, na hizo zilimpa heshima. Iliyomvunjia heshima ni nyumba moja ya ghorofa kule Kunduchi, karibu na maji. Aliipaka mpaka akaipenda mwenyewe, lakini mwaka haukuisha, upande wa baharini rangi ikaanza kuvimba na kubanduka mapande kwa mapande. Mwenye nyumba akamwita mbele ya mafundi wenzake, akamwambia amechakachua rangi kwa maji. Marijani akajitetea kuwa ni chumvi ya bahari. Yule mzee akacheka. "Mbona Ulaya watu wamejenga juu ya bahari na kuta zao hazibanduki?"

Marijani Ulaya hakuwahi kufika. Tangu siku hiyo, kila alipotajwa kwa kazi ya maana hakukosekana wa kuuliza, huyo si yule wa Kunduchi? Alijifanya halimuumi. Mkewe ndiye aliyejua lilivyomuuma, kwa sababu alimsikia akilirudia peke yake akiosha brashi.

Zilipobaki siku mbili safari iishe, Mama Giulia alimpa Hamisa zawadi: tiketi ya matembezi ya siku nzima, pamoja na kiongozi, kwenye vijiji vya pwani ambavyo watalii huvifuata kwa ajili ya nyumba zake za rangi rangi. "Kesho hupiki," alimwambia. "Kesho wewe ndiye mgeni." Jioni ile ya Ijumaa Hamisa akampigia mumewe kumpa habari.

"Mama Farida," alisema Marijani, "mie sitaki fulana wala saa. Kaniangalizie kitu kimoja tu. Ukuta unaotazama bahari. Siyo wa mbele huo wanaoupiga picha, ule unaopigwa na upepo. Rangi imeshika au imebanduka?"

"Yaani nitoke kote huko nikatazame kuta?"

"Kuta ndo zilizotulisha. Na usiniambie la kunifurahisha. Niambie ulichokiona."

Akamwahidi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho, na hapa inabidi niseme wazi, kwa sababu kisa hiki kimejaa watu waliofichana na mimi sitaki kuwa mmoja wao. Alfajiri ya Jumamosi Marijani alitoka uani, akakaa kwenye kigoda kutawadha, akaosha viganja, akasukutua, na hapo hapo akaegemea ukuta. Binti yake Farida alimkuta vile, maji bado yanatoka kwenye birika lililolala. Jirani mwenye bajaji akamkimbiza zahanati. Saa moja na nusu asubuhi wakarudi naye amefunikwa shuka.

Kaka yake mkubwa, mzee Sadallah, ndiye aliyeshika msiba. Kabla hata ya kutuma watu wa kuchimba kaburi, alitoa amri moja. "Hamisa asiambiwe. Yuko ugenini, hana wa kumshika. Ataambiwa akifika, tukiwa naye." Hakuna aliyebisha. Ndivyo tulivyo. Msafiri hatumpi msiba kwenye simu. Tunamwambia mgonjwa kazidiwa kidogo, au hatumwambii kitu, mpaka apatikane mtu wa kumkalisha kitako. Ni huruma, nami nimewahi kuifanya. Siku hizi siifanyi tena.

Basi saa tatu ya asubuhi hiyo, kwa saa za Dar, Hamisa alikuwa kwenye treni na gauni lake la maua, kabandikwa stika ya kundi kifuani, anamfuata dada mwembamba aliyeinua mwavuli wa njano ili asipotezwe. Treni ikaingia kwenye giza la mlima na kutoka, ikaingia na kutoka, kisha wakashushwa. Alipoinua macho akasahau goti lake bovu. Nyumba zilikuwa zimepandana mlimani kama masufuria kichanjani, za waridi, za machungwa, za manjano, na nguo zimeanikwa madirishani kama Kiwalani. Akatoa simu, akabonyeza, akaanza kumtumia mumewe voisi.

"Baba Farida, wee! Nimefika. Ile rangi ya waridi aliyoikataa yule mama wa Tabata, wenzio huku wanalipa nauli kuja kuitazama!"

Ya pili aliituma akihema kwenye ngazi. Ya tatu ilihusu mwongozaji wao. "Huyu dada anasema zamani walipaka rangi tofauti ili mvuvi akiwa baharini aijue nyumba yake. Kwani mvuvi wa Kiitaliano alikuwa anapotea? Na wewe basi kapake ya kwetu, niijue kutoka kwenye ndege." Akacheka mpaka Wajapani wawili waliokuwa mbele yake nao wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Na kila mara alipotazama simu aliona kile kialama cha maikrofoni pembeni ya sauti yake kimegeuka bluu, maana yake imesikilizwa. Baada ya ile ya tatu kikaja kidole gumba. Hamisa alishangaa kidogo, kwa sababu Marijani hakuwa mtu wa dole gumba; alikuwa mtu wa voisi ya dakika nne inayoanza na kukohoa. Akajisemea labda yuko juu ya ngazi na brashi mkononi. Akaendelea kumsimulia: bei ya kahawa, paka wa kanisani, aisikrimu ya limau iliyomganda meno. Alikuwa na furaha siku ile. Ni lazima niliseme hilo, kwa sababu yeye mwenyewe hajajisamehe.

Ule ukuta aliukumbuka wakati wa kurudi, wakiwa kwenye boti. Boti ilipopita mbele ya kijiji cha mwisho akageuka, na kutoka majini akauona upande ambao watalii hawaupigi picha. Akasimama. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, plasta iko nje, mahali pengine pana viraka vya rangi tatu zisizoelewana. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia. Akamshika mkono yule dada wa mwavuli na kumwuliza kwa Kiitaliano chake cha jikoni, na alipopata jibu machozi yakamtoka hapo hapo, akabonyeza simu upepo ukimpiga usoni.

"Baba Farida! Zinabanduka! Haki ya Mungu zinabanduka, nimeona kwa macho yangu. Nimemwuliza na dada huyu, anasema ni chumvi, haina dawa, wanarudia kupaka kila baada ya miaka michache. Ni chumvi, mume wangu. Siyo wewe. Nikirudi tunakwenda Kunduchi wote wawili, nitamwambia yule mzee mie mwenyewe."

Hiyo ilikuwa ya saba. Kialama chake kilibaki kijivu. Kikabaki kijivu jioni ile, na Jumapili yote. Alipopiga simu alipokea Farida, sauti imekauka, akasema ana mafua, na baba kaenda Kibamba kwenye kazi, simu kaisahau nyumbani.

"Akirudi mwambie asikilize ile ya mwisho," Hamisa alimsisitiza. "Mwambie ndo jibu lake."

"Sawa, mama," alisema Farida, akakata.

Jumatatu mchana alitoka mlango wa wasafiri pale uwanjani akisukuma toroli, na begani kabeba mkoba wenye ile fulana ambayo mumewe aliikataa. Kutoka kwao hadi uwanja ni mwendo wa miguu. Marijani angekuja peke yake, na kandambili. Badala yake akawaona watu sita wamesimama pamoja, shemeji yake Sadallah mbele na kanzu nyeupe, wifi zake wamejitanda kanga, Farida katikati ameshikwa mikono.

"Tukae kwanza, shemeji," alisema Sadallah.

"Sikai. Yuko wapi?"

Wakamkalisha kwenye kiti cha chuma. Kilio alichokitoa kiliwafanya wapokea wageni wengine wateremshe vibao vyao vyenye majina. Hakuuliza amekufa na nini. Aliuliza lini, na alipoambiwa Jumamosi alfajiri, akamtazama kila mmoja wao usoni, mmoja baada ya mwingine, kama watu asiowajua.

Eda yake ikahesabiwa tangu siku ya kifo, kama inavyotakiwa. Hilo lilimkata zaidi. "Siku tatu za eda yangu nimezimaliza na gauni la maua, nalamba aisikrimu," alimwambia Farida. "Mume wangu anafukiwa, mie nacheka na Wajapani." Sadallah alikuja kila asubuhi, akakaa barazani, akasalimia nyuma ya pazia la mlango. Kwa siku kumi na moja Hamisa hakumwitikia. Si kwamba hakujua alitenda kwa wema. Alijua, na hakuwa na pa kuupeleka huo wema wake.

Siku ya kumi na mbili alimwita Farida, akamwekea simu mbele. "Hizi sita zimesikilizwa. Baba yako keshakufa. Alizisikiliza nani?"

Farida alilia kwanza, ndipo akasema. "Mie. Ya kwanza ilipolia baba alikuwa kalazwa hapo chumbani, tunasubiri waoshaji. Nikaona unamsemesha, mama. Nikamwekea simu sikioni. Nikamwekea na zilizofuata. Hizo mbili za kuelekea adhuhuri keshavishwa sanda, shangazi wakanikataza, nikawaambia ni mama huyo, mwacheni amalize."

"Na dole gumba?"

"Niliogopa asipojibu utashtuka."

Hamisa akaivuta simu karibu. Kisha akauliza alichokuwa anakiogopa. "Na ya saba?"

"Ya saba iliingia wanaume wamesharudi kutoka makaburini. Sikuifungua, mama. Sikuwa na wa kumfungulia."

Kesho yake asubuhi Sadallah aliposalimia, Hamisa alimwitikia kwa mara ya kwanza. Akampitishia simu ya Marijani chini ya pazia. Yeye mwenyewe hawezi kutoka, alisema, yumo edani. Aende yeye makaburini, amwekee nduguye ile sauti ya mwisho.

"Shemeji," alisema mzee, "maiti hawekewi simu. Hilo halipo."

"Na mke kufichwa msiba lipo?"

Sadallah akanyoosha mkono. Akaichukua. Farida akatoka kumwonyesha pa kubonyeza, mara tatu, maana mzee alizoea simu za vitufe. Akaondoka baada ya alasiri na kofia yake mkononi. Hamisa akakaa kitandani na simu yake mwenyewe mapajani, ukurasa wa Baba Farida uko wazi, anakitazama kile kialama. Alikaa hivyo hadi karibu na magharibi.

Pazia likatikisika. Chini yake aliona miguu ya shemeji yake, udongo mwekundu umemganda vidoleni na kwenye kandambili. Makaburini kweli alikuwa amefika.

"Nimemwekea, shemeji," alisema Sadallah, na sauti yake ilikuwa mbaya. "Ameisikia. Yote."

Hamisa akatazama simu. Kialama kilikuwa kijivu, kama kilivyokuwa tangu kwenye boti. Mzee wa watu alikwenda, akasimama juu ya kaburi la mdogo wake na simu mkononi, na hakuweza. Kisha akarudi akafanya kile anachokijua, akaficha. Hamisa alifungua mdomo amwambie. Lakini ile hasira aliyoishikilia siku zote hizo alipoitafuta hakuikuta. Alikuta amefiwa tu.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Mungu akulipe."

Eda ilikwisha. Kaburini alikwenda, akafagia, akarudi. Kunduchi hakwenda; alisema walipanga kwenda wawili. Watu wa genge waliacha kumwita Mama Italia bila kuambiwa na mtu. Siku moja Farida alikuta simu ya marehemu baba yake iko kwenye chaji kichwani mwa kitanda, kama kila siku, akaona asivumilie tena.

"Mama, simu hii haipigiwi na mtu. Unaichaji ya nini?"

"Iache hapo," alisema Hamisa. "Baba yako ana ujumbe hajausikiliza."