Geji ya Oili na Mama Mkwe

Kama kuna kitu nilichokiamini ujanani mwangu baada ya Mungu, ni geji ya oili, ile inayoonyesha presha ya oili kwenye injini. Pikapu yangu niliinunua ikiwa imeshachoka, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kwao. Honi ilikuwa imekufa, taa moja iliwaka inapojisikia. Lakini geji ilikuwa nzima. Mshale ukisimama kwenye arobaini, moyo wangu ulitulia. Ukishuka ishirini, niligombana na injini kwa maneno ambayo Jumapili nilikuwa nayatubu. Mke wangu alinicheka sana. "Ungekuwa unaniangalia mimi hivyo," alisema, "ningenenepa."

Ni yeye aliyenipeleka barabarani siku ya kisa hiki. Alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza katika hospitali ya misheni. Mtoto mzima kabisa, lakini mama yake damu ilikuwa imemtoka mno. Amelegea, hali, hanywi. Neno lake lilikuwa moja tu: mleteni mama. Muuguzi akanivuta kando, akaniambia kama mama yupo aletwe leo, asingojewe kesho. Nikaelewa alichokuwa anasema. Nikaondoka mbio kwenda Igurwa kwa mama mkwe.

Sasa, kwetu Karagwe mama mkwe hutazamani naye. Hamkai pamoja, hamli pamoja, na maneno yenu hupitia kwa mtu wa tatu. Mchungaji wetu alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini mama mkwe wake mwenyewe akitokea njiani, alikuwa wa kwanza kujitosa migombani. Heshima si utumwa. Kwa desturi mama angekaa nyuma, ila mvua ilikuwa inamwagika, nami si mwendawazimu wa kumlowesha mama wa mke wangu. Tukatundika shuka katikati ya viti. Akaingia upande wake na kibuyu chake cha maziwa, mimi nikaingia wangu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amesimama nje ya dirisha. Nikamwambia amwambie mama kwamba hatutasimama popote, kila dakika ni ya mgonjwa. "Amesikia," akasema. Tukaondoka wawili, bila mtu wa kutupitishia maneno.

Tulipopita Nyaishozi mshale ukaanza kushuka. Thelathini. Ishirini. Nikagonga kioo cha geji kwa kidole. Kumi. Jamani! Oili isipozunguka, injini inanoki na kukwama, na ikinoki katikati ya mbuga ile, nani atatuokota? Lori la kahawa lilikuwa linapita likipenda. Nilivumilia kilima kimoja zaidi, mshale ukalala kwenye sifuri. Nikazima injini, nikashuka mvuani.

Nikavuta kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa imepungua kidogo tu, bado imo juu ya alama ya chini. Nikalala matopeni kutazama chini ya injini: kukavu, hakuna tone. Nikawasha tena, nikaweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, nikasikiliza kama beringi zinagonga. Injini ilikuwa inaimba vizuri. Basi ni pampu ya oili, nikajiambia. Na pampu ikifa, mwendo umekwisha. Nikafunika boneti kwa hasira, nikaipiga teke tairi, nikamtukana yule mfanyabiashara na ukoo wake wote. Halafu nikaegemea mlango wa upande wangu. Akilini nilimwona mke wangu amelala, macho yake mlangoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka, ndogo, ya mtu mwenye aibu.

"Mkwe wangu, waitu, tafadhali nisamehe. Gari lako linanidondokea miguuni."

Nilisahau desturi, nikafunua shuka. Kile kibomba chembamba cha shaba kinachopeleka oili kwenye geji kilikuwa kimepasuka nyuma ya dashibodi, juu kabisa ya miguu yake. Oili yote iliyopotea ilikuwa pale, imeloweka sketi yake hadi magotini, nyayo nyeusi tititi. Pampu ilikuwa nzima. Mimi nilikuwa natafuta matopeni kitu kilichokuwa ndani, hatua moja kutoka kiti changu!

Nikakikunja kibomba kwa koleo, nikakiponda, nikakifunga kwa kamba ya mgomba. Nikaongeza oili kutoka kwenye debe langu la akiba. Tukaenda hivyo hivyo, mshale umekufa kwenye sifuri, mimi ninayeamini geji sasa naendesha kwa masikio na kwa sala.

Tulifika mchana. Mama akapita katikati ya wauguzi akiacha alama nyeusi sakafuni, hakuna aliyethubutu kumzuia. Alimshika binti yake kichwa, akamnywesha maziwa, na binti yake akanywa. Baadaye ndipo muuguzi alipomwosha miguu akaona kwamba oili ilikuwa ya moto. Ngozi ya juu ya nyayo ilikuwa imebabuka, malengelenge mengine yameshapasuka.

Siku ya tatu mke wangu alikuwa ameanza kuinuka na kuketi kitandani. Nikasimama nje ya dirisha, nikamwomba amuulize mama yake kwa nini aliungua kimya njia yote ile, au ni ile desturi yetu. Nilikuwa nimeshajiandaa kuicheka desturi yetu, na kwenda kumchekesha mchungaji.

"Desturi gani?" mama akamjibu binti yake. "Alisema hatusimami popote. Ningelia, angesimama kwa ajili yangu. Nilisema neno alipokuwa ameshasimama."

Mke wangu akageukia dirishani anirudishie maneno hayo, kama inavyotakiwa, ingawa nilikuwa nimeyasikia yote. Nilitaka amwambie mama asante. Badala yake nikajifuta macho kwa mkono wa shati, na yeye akamwambia mama yake, "Analia."