Jina la Baba, Mara Saba

Mjukuu wangu anajifunza kuandika programu. Ameipa kompyuta orodha ndefu ya majina, akaiuliza jina moja limetokea mara ngapi. Jibu limekuja kabla sijakaa vizuri, na mimi nimeshasimama tena. Chumba kizima kinaninukia karatasi ya kaboni.

Nilipokuwa mtoto, siku moja mama alinivuta mkono mpaka dirisha la karani, pale mpakani Malaba. Yeye hakujua kusoma. Baba, dereva wa lori, alikuwa amevuka kwenda Uganda na siku zake za kurudi zilikuwa zimepita.

"Mama, wacha mtoto asome," karani alisema, akatusukumia orodha mbili zilizoniachia rangi ya buluu vidoleni.

Kwenye orodha ya waliovuka, jina la baba lilikuwepo mara saba. Kwenye orodha ya waliorudi nikalipata mara sita. Nikaanza upya, mbio mbio, kidole kikishuka na karatasi. Chini kabisa nikaliona tena, jina lile lile, herufi kwa herufi. Lakini namba ya lori iliyoandikwa kando yake haikuwa ya lori la baba. Ile ya baba niliijua kwa moyo.

"Ni ngapi?" mama aliuliza. "Si useme!"

"Saba kwenda, saba kurudi."

Jioni alisonga ugali wa watu watatu, akawa ananituma nje kila lori lilipopunguza mwendo. Nilitoka mara zote.